Sura ya Saba: Kwa Mkulima wa Langhe

Nebbiolo ni zabibu inayomtesa mkulima wake. Huchipua mapema, wakati jalidi ya Aprili bado ina nguvu ya kuunguza machipukizi kwa usiku mmoja, halafu huchelewa kuiva kuliko jirani zake zote. Dolcetto huwa imeshachumwa Septemba, barbera inafuata, lakini nebbiolo bado inaning'inia ikisubiri jua la Oktoba, na asubuhi mabonde yote yamefunikwa na ukungu. Wengi husema jina lake limetokana na ukungu huo, maana kwa Kiitalia ukungu ni nebbia. Wiki hizo za mwisho mkulima hulala usingizi wa mashaka. Mvua ya mawe ya nusu saa inaweza kumnyang'anya jasho la mwaka mzima.

Nimeanza na tabia ya zabibu kwa sababu ndiyo itakayoipanga likizo yako. Watu wakinijia na habari ya kwenda Langhe, swali lao la kwanza huwa ni hoteli. Mimi huwauliza mwezi. Hivi vilima havikuumbwa kwa ajili ya watalii. Ni mashamba ya watu, na kila mwezi shamba lina hali yake na mwenyewe ana shughuli yake. Ukiujua mwezi, mengine yote yatajipanga nyuma yake: malazi, gari, hata viatu.

Langhe iko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na mji wake mkuu ni Alba, ukingoni mwa mto Tanaro. Vilima vyake vilikuwa sakafu ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Udongo wake wa kijivu, mchanganyiko wa chokaa na mfinyanzi, ndio unaoipa nebbiolo ukali wake. Mwaka 2014 UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na vilima vya jirani vya Roero na Monferrato. Kilichotambuliwa ni shamba lenyewe: mistari ya mizabibu iliyofuata kila mkunjo wa kilima, vijiji vilivyojengwa juu kabisa ili ardhi nzuri ibaki kwa kilimo, na maarifa ya kutengeneza mvinyo. Toscana ina miberoshi yake na jina kubwa zaidi. Langhe imebana, vilima vimeshikana, na unapoendesha gari unamwona mtu ameinama kazini kila baada ya kona.

Tuanze basi na mwaka. Januari na Februari ni miezi ya kupogoa. Mashamba yako uchi, theluji ikianguka hukaa siku kadhaa, na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Lakini ndio wakati wa kujifunza neno moja la Kipiemonte, sorì. Ni mteremko unaoelekea jua, na wazee waliutambua kwa kuangalia theluji inayeyukia wapi kwanza. Hapo ndipo walipopanda nebbiolo. Upande wa kivuli waliachia misitu na zabibu zisizodai jua jingi. Ukishalijua hilo unaweza kuusoma mlima mzima kwa macho tu, huku umesimama barabarani.

Aprili kijani kinarudi, na mwishoni mwa mwezi Alba huwa na maonyesho ya mvinyo yaitwayo Vinum. Mei na mwanzo wa Juni mizabibu inachanua, ua dogo lisiloonekana hadi uinamishe kichwa, lenye harufu hafifu na tamu. Siku ni ndefu. Jua la Juni huzama baada ya saa tatu usiku kwa hesabu yetu ya saa. Julai na Agosti ni joto, na tarehe 15 Agosti ni Ferragosto, sikukuu ambayo Italia nzima hufunga milango na kwenda kupumzika. Nimewahi kufika kijiji kimoja wiki hiyo nikiwa na wageni wanne na njaa, tukakuta kila mlango una karatasi iliyoandikwa chiuso per ferie, kwamba wenyewe wako likizo. Tulikula biskuti za kituo cha mafuta. Usiwapeleke watoto wako Langhe katikati ya Agosti kama hujathibitisha mgahawa kwa mgahawa.

Halafu inakuja Oktoba, ambayo kila kitabu cha utalii huisifu, na sifa zenyewe ni za kweli. Majani yanageuka manjano na mekundu, uvunaji unaendelea, na Alba ina maonyesho ya tartufo nyeupe, uyoga unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni na mipopla, usiokubali kulimwa kama mazao mengine na wenye bei ya kuogofya. Maonyesho hayo huanza Oktoba na kuingia Desemba. Watafutaji wake, trifolao, hutoka usiku na mbwa wao ili majirani wasijue wanachimba wapi. Mwaka 2021 UNESCO iliutambua ujuzi huo pia.

Hata hivyo Oktoba ina mambo mawili yanayofichwa. Kwanza, vyumba hujaa miezi mingi kabla na bei hupanda. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, mkulima uliyetoka mbali kuja kumwona hana nafasi. Yuko shambani tangu alfajiri, na jioni anapokea zabibu zilizovunwa mchana. Ukimpata, utampata kwa dakika kumi, macho yake yakiwa kwenye trekta. Kama unataka rangi na tartufo, nenda Oktoba, katikati ya wiki, na uridhike na kutazama. Kama unataka kuketi na mtu na kuelewa, nenda mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Mimi nimeshachagua, na sijaona sababu ya kubadili.

Ukishaushika mwezi, hesabu kurudi nyuma. Kwa msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, hatua inayokula muda ni viza ya Schengen. Maombi yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi siku 45. Bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu zaidi ya siku utakayotoka Ulaya. Miadi ya kupeleka maombi ndiyo huwa adimu, hasa watu wakikaribia likizo za katikati ya mwaka, kwa hiyo kwa safari ya Juni anza kuitafuta Januari. Weka malazi yanayoweza kufutwa bila hasara. Usilipe nauli isiyorudishwa kabla pasipoti haijarudi mkononi. Nimeona familia ikipoteza akiba ya miaka miwili kwa haraka hiyo, na iliniuma kama yangu.

Kutoka Afrika Mashariki njia rahisi ni kushukia Milano, kwa mfano kwa kupitia Addis Ababa. Torino ni karibu zaidi na Alba, kama kilomita 60, na treni za mkoa kutoka Torino hupitia Bra hadi Alba kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja. Treni inakufikisha Alba vizuri. Matatizo huanzia hapo, kwa sababu vijiji viko vilimani na mabasi ni machache, Jumapili ndiyo usiseme. Anayeweza kukodi gari akodi, awe na leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, na asiingie katikati ya miji penye alama ya ZTL. Hayo ni maeneo yaliyozuiwa magari yasiyo na kibali; kamera hupiga picha, na faini hukufuata mpaka nyumbani. Kiwango cha pombe kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu ni sifuri. Barabara za Langhe ni nyembamba na zina kona. Chagueni mapema nani hatagusa glasi siku hiyo.

Sasa malazi. Shauri langu ni kituo kimoja kwa usiku tano au sita. Eneo lote linalotoa Barolo, mvinyo wa nebbiolo, lina vijiji 11, na kutoka Alba hadi kijiji chenyewe cha Barolo ni kama kilomita 15 tu, hivyo kuhamahama na mabegi ni kujichosha bure. Asiye na gari alale Alba. Mwenye gari atafute agriturismo, yaani shamba linalopokea wageni. Italia iliitungia sheria biashara hiyo mwaka 1985, na kiini chake ni kwamba kilimo lazima kibaki kazi kuu, wageni wawe nyongeza. Kwa hiyo mwenye nyumba anayekuletea kifungua kinywa ametoka kupulizia dawa mizabibu yake, na jamu iliyo mezani imetokana na miti unayoiona dirishani. Hoteli za kifahari zipo, zenye mabwawa yanayotazama mashamba, ila humo ndani mkulima humwoni.

Na mkulima huyo ana historia ambayo mandhari hii nzuri inaificha. Langhe ilikuwa nchi ya njaa. Riwaya ya Beppe Fenoglio, mzaliwa wa Alba, iitwayo La malora na iliyotoka mwaka 1954, inamhusu kijana wa familia maskini anayepelekwa kuwa mtumishi kwenye shamba la mtu mwingine, kwa sababu kwao chakula hakitoshi. Wengi walihama, wengine mpaka Argentina. Waliobaki walisaidiwa na viwanda, hasa Ferrero, iliyoanzishwa Alba mwaka 1946 kwa kusaga hazelnati za vilima hivi hivi na kuzichanganya na kakao, na mwaka 1964 ikaleta Nutella. Mabasi ya kiwanda yaliwachukua wafanyakazi vijijini na kuwarudisha, hivyo mtu aliweza kupokea mshahara bila kuliacha shamba. Mizabibu mingi unayoipiga picha leo ilinusurika kwa mshahara huo.

Leo ardhi ya Barolo ni miongoni mwa ardhi ghali zaidi Italia, na kazi ya kuinama imehamia kwa wengine. Wavunaji wengi ni wageni, kutoka Masedonia Kaskazini na nchi nyingine za Ulaya ya mashariki, na pia kutoka Afrika. Mwaka 2024 polisi wa mkoa wa Cuneo, ambamo Alba imo, walifanya upelelezi juu ya mawakala waliokuwa wakiwanyonya vibarua wa mashamba ya zabibu. Mgeni ana haki ya kumuuliza mwenye shamba, kwa adabu, ni nani wanaomvunia na wanalala wapi. Mkulima mwema hufurahia swali hilo na kulijibu kwa urefu. Mimi hununua chupa kwa anayelijibu.

Hii inatufikisha kwenye ziara yenyewe. Cantina ndogo ya familia, yaani mahali pa kutengenezea mvinyo, si duka, usiingie tu. Andika barua pepe wiki tatu au nne kabla, taja idadi yenu, siku, saa na lugha mnayoielewa. Mwambie kama kati yenu kuna asiyekunywa pombe. Hakuna atakayeona ajabu, na mara nyingi atamwandalia maji ya zabibu au jibini na hazelnati. Ziara moja asubuhi na moja alasiri inatosha kwa siku. Ya tatu hutaikumbuka. Fika kwa wakati. Kama hamtafika, piga simu, kwani kuna mtu ameacha kazi akiwasubiri. Mlangoni sema buongiorno kabla ya neno lolote, na ukiingizwa ndani sema permesso, ambalo ni kama hodi yetu. Nimewaona watu wakilainika kwa hayo maneno mawili peke yake.

Utaonyeshwa mapipa. Sheria inataka Barolo ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Ile iitwayo riserva hukaa miezi 62. Mavuno ya 2021 yaliruhusiwa kufika sokoni mwanzoni mwa 2025. Mkulima huyu, basi, ana miaka mitatu ya jasho iliyolala gizani bila kumletea senti. Angalia ukubwa wa mapipa. Kwa karne nyingi walitumia mapipa makubwa ya zamani. Miaka ya 1980 kundi la vijana likaleta mapipa madogo mapya kutoka Ufaransa, na mmoja wao, Elio Altare wa La Morra, aliyakata mapipa ya baba yake kwa msumeno wa injini. Ugomvi huo ulizigawa familia. Siku hizi umetulia, na wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa, lakini ukimuuliza mzee anatumia yapi na kwa nini, utaondoka na habari za nyumba nzima.

Usiogope kutema. Kuna chombo chake mezani, na anayetema haonekani kuwa amekidharau kinywaji. Nebbiolo ina rangi hafifu kuliko unavyotarajia, karibu ya matofali ikizeeka, halafu inakaza ulimi na ufizi kama embe bichi. Mwenyeji akikuona umekunja uso atakupa kipande cha jibini, kisha ukirudie kinywaji kile kile. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini hapa hawanywi bila kula.

Kuhusu kula, shika saa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, cha usiku hakianzi kabla ya saa moja na nusu, na kati ya hapo jiko limelala. Omba tajarin, tambi nyembamba za viini vingi vya mayai, na agnolotti del plin, vifuko vidogo vilivyofinywa kwa vidole. Muislamu aulize nyama iliyomo, maana mara nyingi imechanganywa na nguruwe, na ajue kwamba brasato, mlo wa nyama, imepikwa kwa mvinyo, na bunet, kitindamlo cha chokoleti, huwekewa ramu. Zimebaki tajarin za siagi, jibini za Murazzano na Roccaverano, pilipili hoho za kuoka na keki ya hazelnati, na kwa keki hiyo peke yake ningesafiri tena.

Siku moja iwe ya miguu. Panda La Morra asubuhi mapema, kwenye uwanja wa mbele unaotazama bonde. Kukiwa kweupe utaiona Monviso, mita 3,841, na kama Kilimanjaro ilivyo kwa watu wa Moshi, huonekana vizuri asubuhi kisha hujifunika. Halafu shuka kwa miguu hadi Barolo kupitia katikati ya mashamba, mwendo wa kama saa mbili. Njiani pitia kikanisa cha Brunate, kisichowahi kuwekwa wakfu, ambacho mwaka 1999 wasanii Sol LeWitt na David Tremlett walikipaka rangi kali za manjano, nyekundu na buluu. Nilipokiona mara ya kwanza nilifikiri kinaharibu shamba. Nilipokaa kivulini kwake saa nzima nilibadili mawazo: ni rangi za kanga zilizoanikwa kwenye mizabibu. Kwenda La Morra kutoka Barolo ni kupanda tu, kwa hiyo geuza njia kwa hasara yako.

Siku nyingine iende kaskazini, Monferrato, hadi Castelnuovo Don Bosco. Msomaji aliyesoma ufundi Dodoma, Iringa au Nairobi amelikuta jina la Don Bosco kwenye geti la shule. Giovanni Bosco alizaliwa hapa, kitongoji cha Becchi, mwaka 1815, akafiwa na baba akiwa mdogo sana, na kabla ya utu uzima alitumwa kuwa kibarua kwenye shamba la familia nyingine, sawa na yule kijana wa Fenoglio. Kijiji hicho hicho alizaliwa Giuseppe Allamano, aliyeanzisha Torino mwaka 1901 shirika la Consolata. Wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902, baadaye wakaja Iringa. Nyumba ya akina Bosco bado ipo chini ya basilika kubwa, ndogo sana, na nje kuna mizabibu. Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria mafundi wangapi wa kwetu wametoka kwenye umaskini wa kilima hiki.

Zawadi. Usiende mikono mitupu kwa wenyeji wako. Mimi hubeba korosho za Mtwara zilizokaangwa, kwa kuwa watu wa hazelnati wanajua kuheshimu korosho. Jioni ya mwisho, mara yangu ya mwisho kwenda, mwenye nyumba alizimimina kwenye sahani, akafungua chupa ya mwaka aliooa, na mkewe akakata keki. Akaniuliza kama nchini kwetu zabibu zinaota. Nikamwambia habari za Dodoma, ambako hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Aliweka glasi chini.

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, kimya, huku akimwangalia mkewe. Alikuwa amevuna mara 41 maishani mwake, alisema, na kila mwaka alikuwa na jambo moja ambalo angependa kulirudia vizuri zaidi. Kisha akaniomba nimwandikie jina la huo mji kwenye karatasi.